Kabla ya Kuongeza RAM, Iulize Kompyuta Yako

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu hasa vijana wanaojipatia riziki kwa kamera. Wako wengi siku hizi, Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi. Jumamosi wanapiga picha za harusi, Jumapili za ubatizo na kipaimara, halafu wiki nzima wanakaa mbele ya kompyuta kuzisafisha. Kazi ikiisha usiku, kompyuta ile ile inacheza gemu. Mashine ni moja, kazi ni mbili, na zote mbili ni nzito.

Siku mashine hiyo inapoanza kukwama, mwenyewe anaingia dukani, Kariakoo au Luthuli Avenue, na mazungumzo huwa mafupi. "Kaka, mashine yangu imekuwa nzito sana." "Ongeza RAM tu, bosi." "Niongeze ngapi?" "Weka kumi na sita, utaona mabadiliko."

Pengine atayaona, pengine hatayaona. Ninachotaka kuwaambia leo, na ninakiamini kwa dhati, ni kwamba jibu la swali lile haliko dukani. Limo ndani ya kompyuta yenyewe, na yeyote anaweza kulisoma bila kufungua hata skrubu moja. RAM inatatua tatizo la aina moja. Tatizo likiwa lingine, hata ukijaza sloti zote hutaona tofauti, na fedha itakuwa imekwenda.

Na fedha yenyewe si ndogo tena. Kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kishindo duniani kote. Chipu za kumbukumbu zinatengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo zimeelekeza sehemu kubwa ya viwanda vyao kwenye chipu za vituo vikubwa vya akili unde, ambako wanunuzi hulipa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya kuwauzia watu wa kawaida RAM na diski za Crucial, jina ambalo wanunuzi wengi walikuwa wamelizoea. Kwa hiyo, msikilizaji, zamani ukinunua RAM isiyofaa ulipoteza kidogo. Leo unaweza kupoteza malipo ya harusi nzima.

Tuanze na kazi ya RAM. Mfikirie fundi cherehani. Vitambaa vyake vyote viko kwenye rafu, lakini hakikatwi kitambaa rafuni, lazima kishushwe mezani. Meza ikiwa pana, anatandaza kitenge, bitana na karatasi ya vipimo kwa pamoja, na kazi inakwenda. Meza ikiwa finyu, kila mara anakunja kimoja na kukirudisha rafuni ili atandaze kingine, na nusu ya siku inaishia kwenye kukunja na kukunjua. Rafu ni diski, meza ni RAM. Lakini zingatieni hili: fundi mwenye mkono mzito ukimpa meza pana zaidi, mkono wake unabaki mzito vile vile.

Tofauti ya kasi kati ya RAM na diski ni kubwa. RAM ya kizazi cha DDR4 yenye kasi ya 3200 hupitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde katika njia moja. SSD ya SATA, yaani diski isiyozunguka, hupitisha kama gigabaiti 0.55. Diski ya zamani, ile inayozunguka, hupata megabaiti 100 hadi 200, tena pale inaposoma kwa mfululizo bila kurukaruka. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia diskini vitu ambavyo haviguswi kwa sasa, kisha huvirudisha vikihitajika. Hapo ndipo mshale unapoganda, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na wewe unasubiri.

RAM hushika vitu kwa umeme tu. Muundo wake tunadaiwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968: kila biti inatunzwa na chaji ndogo ya umeme inayolindwa na transista moja. Chaji hiyo huvuja, kwa hiyo kompyuta huijaza upya kila baada ya milisekunde 64 au chini ya hapo, muda wote mashine ikiwa imewaka. Umeme ukikatika, kila kilichokuwa ndani kinapotea. Ndiyo maana umeme unapokatika na hujahifadhi, kazi ya saa mbili inapotea. Chipu ya Intel ya mwaka 1970, iliyoieneza teknolojia hii sokoni, ilishika biti 1,024. RAM moja ya gigabaiti 8 leo inashika biti zaidi ya bilioni 68, na bado tunaona haitoshi.

Kwa nini haitoshi? Tuangalie picha, kwa hesabu. Kamera nyingi za kazi zina megapikseli 24. Picha ya JPEG kutoka kwenye kamera hiyo inaweza kuwa na megabaiti nane au kumi tu kwenye diski, kwa sababu imebanwa. Ukiifungua, lazima ikunjuliwe yote. Kila pikseli ina rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kwa mpangilio wa biti 8, kila rangi inachukua baiti moja, kwa hiyo pikseli milioni 24 mara tatu ni megabaiti 72. Ukifungua RAW, yaani picha ghafi ya kamera, na kufanya kazi kwa biti 16, kama wanavyofanya wanaojali rangi ya ngozi isiharibike, kiasi kinaongezeka mara mbili: megabaiti 144 kwa picha moja, kabla hujagusa chochote.

Sasa anza kazi. Unanakili tabaka la kwanza ili usafishe ngozi, unaongeza lingine la mwanga, lingine la kung'arisha nguo. Kila nakala kamili ya picha ni megabaiti 144 nyingine. Matabaka kumi ya namna hiyo yanakaribia gigabaiti moja na nusu. Photoshop pia inatunza hatua ulizopita ili uweze kurudi nyuma, na kwa kawaida inatunza hatua 50. Hapo pana picha moja tu. Ongeza Lightroom iliyo wazi pembeni, ongeza kivinjari chenye WhatsApp ya mteja anayeuliza picha zimefikia wapi, ongeza Windows yenyewe. Gigabaiti 8 zimekwisha. Ndiyo sababu Adobe wenyewe wanataja gigabaiti 8 kuwa kiwango cha chini cha Photoshop, na 16 au zaidi kuwa kiwango wanachokipendekeza.

Lakini si kila uzito kwenye kazi ya picha unatokana na RAM. Unapomaliza kurekebisha picha mia tano za harusi na kuziamuru zitoke zote kuwa JPEG, kazi hiyo inafanywa hasa na prosesa. Ukitoka gigabaiti 16 kwenda 64 kwa ajili ya kuharakisha kutoa picha, huenda usiokoe hata dakika moja. Hali kadhalika, kama Lightroom inachelewa kuonyesha picha moja hadi nyingine na picha zako ziko kwenye diski ya nje inayozunguka, tatizo ni diski.

Tuje kwenye gemu. Hapa kuna kumbukumbu za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Kadi ya grafiki ina kumbukumbu yake yenyewe, imefungwa ndani ya kadi, na huwezi kuiongeza. Humo ndimo zinamokaa picha za uwanja, nyuso na mavazi. RAM ya kompyuta inashika mambo mengine ya gemu: ramani, sauti, mwenendo wa wachezaji. Watengenezaji hutaja kiasi wanachotaka. EA Sports FC 25 inataka gigabaiti 8 kwa uchache na 12 kwa kucheza vizuri. Cyberpunk 2077 inataka 12 kwa uchache na inapendekeza 16. Microsoft Flight Simulator 2024, ambayo inaibeba dunia nzima, inaanzia 16, inapendekeza 32, na kwa anayetaka kila kitu inataja 64.

RAM inapopungua kwenye gemu, dalili yake ni ya pekee: mchezo unakwenda vizuri, kisha ghafla unaganda nusu sekunde au zaidi, hasa unapoingia eneo jipya, halafu unaendelea. Kadi ya grafiki inapokuwa dhaifu, dalili ni nyingine: mchezo ni mzito muda wote, popote ulipo. Kuna jaribio rahisi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu upunguze ukubwa wa picha, kwa mfano kutoka mistari 1080 hadi 720. Mchezo ukiwa mwepesi mara moja, aliyekuwa anaelemewa ni kadi. Fedha ya RAM iweke, anza kuchangia kadi.

Wapo wasio na kadi kabisa, wanaotegemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Kwao RAM ina uzito wa ziada, kwa sababu grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ile ile ya kompyuta, na inataka kuisoma kwa kasi. Kompyuta za kawaida zina njia mbili za kuifikia RAM. Ukiweka RAM moja, njia moja inatumika na ya pili inakaa bure. Ukiweka mbili, njia zote mbili zinafanya kazi na kasi ya kupitisha data inakuwa mara mbili: kwa DDR4 ya 3200, kutoka gigabaiti 25.6 hadi 51.2 kwa sekunde. Kwa mtu wa aina hii, RAM mbili za gigabaiti 8 ni bora kuliko moja ya 16, ingawa jumla ni ile ile. Tofauti ataiona kwa macho.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo: kuiuliza kompyuta. Siku yenye kazi nyingi, fungua kila kitu unachotumia kwa kawaida. Usifungue picha ndogo ya majaribio, fungua faili halisi la harusi lenye matabaka yake yote, fungua Lightroom, acha kivinjari wazi. Fanya kazi kwa nusu saa. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Nenda sehemu ya utendaji, chagua kumbukumbu, na usome.

Kwanza utaona asilimia ya RAM iliyotumika. Usiogope ukikuta 60 au 70. Huo ndio utaratibu wa kawaida, RAM imewekwa itumike. Lakini ikiwa inapanda juu ya 90 na kubaki huko, na upande wa diski nao unaonyesha kazi mfululizo, basi RAM ndiyo inayokosekana. Chini yake kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, zinazoonyesha jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa. Ile ya kwanza iandike. Ikiwa una gigabaiti 8 na namba ile inasoma 13, umepata kipimo kinachokaribia mahitaji yako: 16 zitakutosha. Ikisoma 22, fikiria 32. Ikisoma 6, tatizo lako liko kwingine, na umeokoa fedha.

Photoshop nayo ina kipimo chake. Chini kushoto mwa dirisha la picha kuna kimshale kidogo. Ukikibonyeza utaweza kuchagua ionyeshe ufanisi kwa asilimia. Ikisoma 100, Photoshop inafanya kazi yake yote ndani ya RAM. Ikishuka chini ya 100, imeanza kutumia diski kama kumbukumbu ya ziada. Kabla ya kwenda dukani, ingia kwenye mipangilio ya utendaji uone Photoshop imeruhusiwa kutumia sehemu gani ya RAM. Kwa kawaida ni asilimia 70. Wanaotumia GIMP, ambayo ni ya bure, wanaweza kufungua dashibodi yake na kuona jambo hilo hilo.

Katika dirisha lile la Task Manager kuna mambo mengine mawili ya kuandika: kasi ya RAM uliyonayo, na idadi ya sloti zilizojaa kati ya zilizopo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Chukua karatasi, andika.

Sasa aina. Hapa ndipo watu wengi hurudi dukani wakiwa na RAM mkononi isiyoingia. Kuna DDR3, DDR4 na DDR5, na haziingiliani hata kidogo. Pengo lililo kwenye ukingo wa RAM limewekwa mahali tofauti kwa kila kizazi, makusudi, ili isiingie pasipo pake. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zina pini 288 zote mbili, lakini pengo haliko sehemu moja. Ukiona haiingii, usiilazimishe. Za laptop ni fupi zaidi, na haziwezi kukaa kwenye kompyuta ya mezani.

Mashine nyingi tunazonunua huku kwetu ni zile zilizotoka maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai, na majina yake yanaweza kupotosha. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inatumia DDR3, OptiPlex 7050 inatumia DDR4. HP EliteBook 840 G2 inatumia DDR3L, ile ya volti 1.35, lakini G3, ambayo ni toleo lililofuata tu, inatumia DDR4. Kuna laptop ambazo RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haiongezeki kamwe, kama MacBook Air na ThinkPad X1 Carbon. ThinkPad T480 ina sloti mbili, lakini ndugu yake mwembamba T480s ana moja tu, nyingine imeunganishwa ubaoni. Kwa hiyo usitaje jina nusu. Soma namba kamili iliyoko chini ya mashine, na uangalie kwenye kitabu cha mtengenezaji mashine inapokea gigabaiti ngapi. OptiPlex 3020, kwa mfano, ina sloti mbili na mwisho wake ni 16. Na kama Windows uliyonayo ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiweka ngapi. Hapo unahitaji kubadilisha Windows kwanza.

Pia jihadharini na RAM za seva. Zinauzwa mitumba kwa bei ya kuvutia, gigabaiti 16 au 32 kwa moja, na kwa umbo zinafanana na za kawaida. Lakini zina chipu ya ziada ya kuratibu, na kompyuta ya kawaida haitawaka nazo. Rahisi huvunja upishi.

Je, kasi? Maandishi ya 3200, 3600 au 6000 yana maana, lakini si peke yake. Kuna namba ya pili, ile ya CL, inayoeleza RAM inachelewa mizunguko mingapi kabla ya kujibu. Ukitaka kulinganisha, zidisha CL kwa 2,000 kisha gawanya kwa kasi, utapata muda kwa nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 ni nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18 ni 10 pia. DDR5 ya 6000 yenye CL30, nayo ni 10. Lakini DDR4 ya 2400 yenye CL17 inazidi 14. Namba kubwa ya kasi pamoja na CL kubwa inaweza isikupe jibu la haraka zaidi, ingawa itapitisha mzigo mwingi zaidi.

Na kompyuta za ofisi zina mipaka yake. OptiPlex yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba huisoma DDR4 kwa 2400, basi. Ukiiwekea ya 3600 yenye taa za rangi, itashuka yenyewe hadi 2400, na umelipia taa. Kwa upande mwingine, aliyenunua ubao wa gemu na RAM ya 3200 anaweza kuwa anaitumia kwa 2133 au 2400 bila kujua, kwa sababu kasi iliyoandikwa kwenye kifurushi huwashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows, kwa jina la XMP au, kwa mashine mpya za AMD, EXPO. Rudi kwenye karatasi yako uangalie kasi uliyoiandika. Huenda una kasi uliyokwisha kuilipia na haijawashwa.

Watu huuliza kama wanaweza kuchanganya RAM ya zamani na mpya. Mara nyingi inawezekana kwenye DDR3 na DDR4, ikiwa ni kizazi kimoja, na zote zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole. Aliye na moja ya 8 akaongeza ya 16 anapata 24. Mashine nyingi za Intel zitatumia njia mbili kwa gigabaiti 16 za mwanzo na njia moja kwa zilizobaki. Kwa mtu wa picha mwenye kadi yake ya grafiki, huo ni uamuzi mzuri wa kubana matumizi. Kwenye DDR5 hali ni ngumu zaidi. Ryzen za mfululizo wa 7000 zikiwa na RAM nne zimeidhinishwa kwa 3600 tu, wakati zikiwa na mbili zinafika 5200 bila kulazimishwa. Huko nunua mbili kubwa, usinunue nne ndogo.

Ukishaipata RAM, ijaribu. Nasisitiza hili kuliko mengine, kwa sababu wengi wanalipuuza. RAM mbovu haikatai kufanya kazi siku zote. Inaweza kubadilisha biti moja hapa, moja pale, na biti hizo zikawa ni sehemu ya picha unayohifadhi. Utakuja kugundua miezi baadaye kwamba faili halifunguki, au lina mstari wa rangi ya ajabu usoni mwa bibi harusi, na siku ile hairudi tena. Tumia MemTest86, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuirudisha RAM dukani, kwa hiyo dai risiti na dhamana ya maandishi kabla ya kulipa. Wakati wa kuiweka, chomoa waya wa umeme, na kama ni laptop tenganisha betri, gusa chuma cha mashine ili umeme tuli uliomo mwilini utoke, kisha ibonyeze RAM mpaka vishikizo vikae sawa.

Basi tufanye uamuzi. Mwenye mashine ya DDR3 iliyo na diski ya kuzunguka, aanze na SSD. Hapo ndipo ataona badiliko kubwa kuliko yote. RAM za mitumba za kumfikisha 16 anunue zikiwa za bei nafuu, asizidishe, kwa sababu RAM za DDR3 hazitahamia kwenye mashine yake inayofuata. Windows 10 nayo iliacha kupata matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za DDR3 Microsoft hawaziidhinishi kwa Windows 11. Mwenye DDR4 na gigabaiti 8, afike 16 kwa RAM mbili. Ikiwa karatasi yake imeandika zaidi ya 14 au 15, aende moja kwa moja hadi 32, yaani mbili za 16. Anayejenga mashine mpya ya DDR5 kwa picha na gemu, anunue mbili za 16 na awashe kasi yake kwenye BIOS. Gigabaiti 64 tuwaachie wanaounganisha picha nyingi kuwa moja ndefu, wanaohariri video nzito, na wanaorusha ndege za Flight Simulator wakitaka kila wingu.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni kazi ya fundi. Nawaheshimu mafundi, na wengi ni waaminifu. Lakini fundi hajui una matabaka mangapi kwenye faili lako, wala hajui gemu lako linaganda wapi. Wewe ndiye unayejua, na ukifika kwake na namba mkononi, hata yeye anafanya kazi nzuri zaidi. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, karatasi yako iwe na mambo matano: jina kamili la mashine, aina ya RAM, sloti zilizojaa na zilizo wazi, kasi inayosomeka sasa, na gigabaiti ulizohitaji siku ya kazi nzito. Muuzaji akikupa RAM inayokubaliana na yote matano, lipa. Ikipishana na hata moja, mwombe nyingine au ondoka. Kijana anayesimama juani tangu asubuhi akipiga picha za watu ana haki ya kujua fedha yake imenunua nini.